Mteja ni Mzee Mwenyewe: Mwongozo wa Kuwahudumia Wateja wa Umri Mkubwa katika Ofisi ya Wakili

Mara nyingi mteja mzee haji peke yake. Huletwa na mwanawe, mpwa, mjukuu au jirani anayeijua njia ya kuingia mjini, na huyo ndiye aliyempata wakili, ndiye aliyepanga miadi kwa simu, na pengine ndiye atakayelipa. Wakishaketi mbele yako, aliyemleta huanza kueleza kabla hujauliza lolote: "Mzee anataka kuandikisha shamba." Mzee mwenyewe huitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, kama mtu aitikiavyo salamu. Kazi ya wakili mwenye maadili huanzia hapo, kabla kitabu chochote cha sheria hakijafunguliwa: ni kuamua mteja ni nani, kisha kulitamka jambo hilo wazi mbele ya wote wawili.

Mwongozo huu nimewaandikia mawakili wachanga, wanafunzi walio katika uanagenzi na makarani wa ofisi zetu za Nairobi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 260, humhesabu mtu kuwa mzee wa jamii akitimiza miaka 60, na Ibara ya 57 inaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Serikali yenyewe. Hata hivyo miaka 60 si ugonjwa. Aliyestaafu utumishi wa umma mwaka jana huenda anazijua taratibu za ardhi kukushinda wewe, na ukimzungumzia polepole kwa sauti ya juu kana kwamba ni mtoto, utakuwa umemkosea kabla hata hujamshauri.

Kabla hajafika

Mambo ya hapa ni madogo, na yote yanaweza kumalizwa na karani kwa simu moja. Aulize mteja anaongea lugha gani kwa starehe, anatumia miwani au kifaa cha kusikia, siku zake za kliniki ni zipi, na kama anaweza kupanda ngazi. Ofisi nyingi za mawakili katikati ya jiji ziko orofa ya tatu au ya nne, katika majengo ambayo lifti yake huharibika mara kwa mara. Mzee aliyepanda ngazi hizo huketi akihema, na anayehema hutia sahihi upesi ili arudi nyumbani. Miadi ya saa nne asubuhi inafaa zaidi kuliko ya saa kumi jioni, kwa kuwa msongamano wa magari umepungua na akili bado haijachoka. Ikiwa hawezi kusafiri, mwendee wewe. Barua zake zichapishwe kwa herufi kubwa.

Kuhusu namna ya kumwita, wasiwasi si mkubwa sana Nairobi. "Mzee" na "Mama" huwaridhisha wengi, aliyefundisha miaka thelathini hupenda kuitwa "Mwalimu," na aliyekulia Pwani atatarajia shikamoo. "Shosho" (nyanya) na "guka" (babu) ni majina matamu, lakini yana wenyewe, nao ni wajukuu. Muuliza njia hapotei: muulize apendavyo kuitwa, na ofisi nzima ifuate.

Zungumza naye peke yake

Kama ningeruhusiwa kubakiza kanuni moja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hii: kila mteja mzee azungumze na wakili faraghani, mlango ukiwa umefungwa, kabla hati yoyote haijaandikwa. Kanuni hiyo iwe ya ofisi na itumike kwa wateja wote, ili asiwepo anayehisi kwamba anashukiwa. Unaweza kusema hivi: "Mama, katika ofisi hii kila mteja huzungumza na wakili peke yake kwanza. Kijana wako atapata chai pale nje, tutamwita baadaye." Anayekuja kwa nia njema huinuka. Anayekataa, au anayebisha kila baada ya dakika tano kuuliza kama mmemaliza, amekwisha kukupa habari ambayo utataka kuiandika kwenye faili.

Sababu ya kisheria ipo pia. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi humlinda mteja kwa kumzuia wakili asifichue mawasiliano yao bila idhini yake, lakini mazungumzo yaliyofanywa mbele ya mtu wa tatu asiyehusika yanaweza kuupoteza ulinzi huo. Wapo wazee wasiotaka kubaki peke yao, na si haki kuwalazimisha kwa jina la kuwalinda. Mweleze hatari iliyopo, umsikilize, na kama bado anataka dada yake akae ndani, andika kwamba ni yeye aliyeamua hivyo.

Faraghani, usimwulize maswali yanayojibiwa kwa ndiyo au la. "Unakubali kumpa mwanao shamba?" ni swali ambalo karibu kila mzazi atalijibu ndiyo. Afadhali kuuliza: "Niambie, leo umekuja tufanye nini? Shamba hilo ulilipataje? Nani anakaa hapo sasa? Ukishaliandikisha kwa mwingine, wewe utaishi wapi?" Kisha nyamaza. Wazee wengi huanza hadithi mbali, tangu mwaka walionunua hisa katika kampuni ya ardhi au siku walipohamia Eastlands, na wakili mwenye haraka hudhani wanapotea njia. Mimi nimejifunza kutowakatiza, kwa sababu jina la mke wa kwanza, deni lisilolipwa na ahadi iliyotolewa kwa mdomo hujitokeza katikati ya hadithi hiyo.

Mkalimani lazima awe mtu asiyefaidika na hati. Nilipokuwa na mwaka mmoja tu katika kazi hii, niliandaa hati ya kuhamisha umiliki wa shamba la mama mmoja aliyeongea Kikamba pekee, na mwanawe ndiye aliyenitafsiria. Mama aliitikia kila kitu na akaweka kidole gumba. Jioni karani wetu, ambaye alikuwa akipanga faili pembeni na aliyekulia Machakos, aliniambia kwamba mama yule aliulizwa kama anakubali shamba liandikwe jina la mwanawe ili benki impe mkopo, na baada ya mkopo kulipwa lirudi kwake. Katika hati yangu hapakuwa na neno hata moja la kurudi. Kwa bahati haikuwa imesajiliwa bado, tukamwita tena na mkalimani mwingine, naye akakataa. Mwana alikasirika, na ada hatukuiona. Tangu siku ile jina la mkalimani, uhusiano wake na mteja na lugha iliyotumika huandikwa kwenye hati yenyewe.

Anayelipa si lazima awe mteja

Hakuna ubaya mtoto kumlipia mzazi wake wakili. Ubaya ni wakili kudhani kwamba risiti inampa mtoto huyo haki ya kutoa maagizo. Barua ya kwanza iseme kwamba mteja ni mzee, kwamba maagizo yatapokewa kutoka kwake tu, na kwamba anayelipa hataelezwa yaliyozungumzwa ila kwa idhini ya mteja. Mlipaji apewe nakala ya sehemu hiyo, na kama haipendi, ni heri muachane mapema.

Panapo muamala baina yao, kwa mfano mama anampa mwanawe ploti au kumuuzia kwa bei ya chini, usiwawakilishe wote wawili. Ofisi nyingi hufanya hivyo kwa hoja kwamba "ni familia moja," ilhali kesi nyingi za ardhi na urithi zinazofika mahakama za Milimani huwa baina ya watu wa familia moja. Mpokeaji atafute wakili wake. Uangalifu huohuo wafaa pale mume na mke wazee wanapotaka kuandika wosia siku moja: zungumza na kila mmoja kando, na usisahau kuuliza kama kuna boma lingine. Vilevile, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi, hata kama hatimiliki ina jina moja.

Uwezo wa kuamua, na jinsi ya kuuandikia ushahidi

Sheria haimtaki mzee athibitishe kwamba ana akili timamu. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinachukulia kwamba aandikaye wosia ana akili timamu, na anayedai vinginevyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kipimo ambacho mahakama zetu hukitumia kinatoka katika kesi ya Uingereza ya 1870, Banks v Goodfellow: je, mtu huyo alielewa kwamba anaandika wosia na matokeo yake, alijua kwa kadiri mali aliyo nayo, aliwakumbuka watu walio na haki ya kufikiriwa, na alikuwa huru na maradhi ya akili yanayoweza kupotosha uamuzi wake?

Zingatia kwamba hakuna mahali kipimo hicho kinapouliza leo ni tarehe ngapi. Mzee anaweza kusahau jina la gavana, na bado akajua bayana kwamba ana ekari mbili Kikuyu, nyumba ya kupangisha Kayole na watoto saba, mmoja wao akiwa wa nje ya ndoa. Uwezo huo pia hupanda na kushuka. Maambukizi, kukosa maji mwilini au dawa mpya vinaweza kumchanganya mzee kwa siku kadhaa, kisha akarejea katika hali yake. Ukimkuta hivyo, ahirisha, usikate tamaa naye. Ukiwa na shaka, omba kwa ridhaa yake barua ya daktari anayemtibu, na umweleze daktari huyo ni uamuzi gani mzee anataka kuufanya, kwa sababu barua isemayo tu kwamba "mgonjwa ana afya njema," na iliyoandikwa miezi sita kabla ya wosia, haitakusaidia kizimbani.

Chenye nguvu kuliko barua hiyo ni maandishi yako mwenyewe ya siku ile. Andika saa mliyoanza na mliyomaliza, waliokuwepo, maswali uliyouliza, na majibu ya mzee kwa maneno yake, si kwa Kiswahili chako cha mahakamani. Akisema, "Huyu simpi kitu, alinipiga," liandike hivyo hivyo. Ukishuhudia wosia leo, huenda ukaitwa kuueleza miaka kumi baadaye, wakati wewe mwenyewe utakuwa hukumbuki hata sura yake.

Kifungu cha 7 cha Sheria hiyohiyo ya Urithi kinasema kwamba wosia, au sehemu yake, uliopatikana kwa hila, kwa kulazimishwa, kwa kusumbuliwa hadi mtu akachoka, au kwa makosa, ni batili. Kusumbuliwa ndiko kunakosahaulika. Mzee anayelishwa, anayeogeshwa na kuletewa dawa na mtu mmoja hahitaji kutishwa kwa panga, inatosha kila jioni kuulizwa, "Baba, ile karatasi utaiandika lini?"

Anayetaka kumnyima mtoto au mke urithi aelezwe, bila kuhubiriwa, kwamba vifungu vya 26 na 29 vinaipa mahakama uwezo wa kumtengea fungu mtegemezi aliyeachwa bila riziki ya kutosha. Baada ya maelezo hayo uamuzi ni wake, na sababu zake ziandikwe. Kwa mteja Mwislamu, sheria ya Kiislamu ndiyo inayotawala: wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu ya urithi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wanakubali mamlaka hayo. Kama si fani yako, mpeleke kwa anayeijua.

Siku ya kutia sahihi

Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na kila mmoja wao awe amemwona mwenye wosia akitia sahihi au alama, au amepata uthibitisho wake mwenyewe kwamba ni yake. Shahidi asiwe mrithi wala mume au mke wa mrithi, kwa kuwa kifungu cha 13 cha Sheria ya Urithi kitalibatilisha fungu lake isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili walio huru. Wako wazee wanaosema kwamba wameshawaambia watoto kwa mdomo na inatosha. Waeleze kwamba wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wawili, na hupoteza nguvu kama aliyeutoa hakufariki ndani ya miezi mitatu.

Soma hati yote kwa sauti, katika lugha yake, kifungu kwa kifungu, kisha mwombe akueleze wewe alichokisikia. Usimwulize kama ameelewa, kwani atasema ameelewa ili asikuaibishe. Kwa asiyejua kusoma au asiyeona, hati ya kiapo lazima ionyeshe kwamba alisomewa na akaonekana kuielewa kabla hajaweka alama.

Hapa kuna desturi mbovu ambayo sote tunaijua. Hati hutolewa ofisini asubuhi, hurudi mchana ikiwa na kidole gumba, na wakili hugonga muhuri kwamba mzee alifika mbele yake. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamtaka mtia sahihi afike mbele ya anayethibitisha, na Sheria ya Viapo inamtaka kamishna aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Muhuri wa namna ile ni uongo ulioandikwa, na mara nyingi anayeumia ni mzee ambaye siku hiyo alikuwa kitandani kijijini, hana habari.

Kugawa mali angali hai

Wazee wengi hutaka kuandikisha kila kitu kwa watoto sasa "ili wasije wakagombana." Mweleze bila kuficha kwamba zawadi ikishasajiliwa si yake tena, kwamba mwana anaweza kuuza, kuweka rehani au kudaiwa, na kwamba mkwe anaweza kuwa na sauti juu ya nyumba ambamo mzee mwenyewe analala. Kisha mwonyeshe njia nyingine: wosia anaoweza kuubadilisha wakati wowote, kuwapa kipande tu na kubaki na boma, au mpangilio unaompa haki ya kukaa na kula matunda ya shamba hadi mwisho wa uhai wake. Kwa shamba la kilimo, kumbuka idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi.

Hati ya uwakili, ile inayompa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, nayo hueleweka vibaya. Familia huiomba wakati mzee ameshaanza kupoteza fahamu, ilhali asiyeelewa hati hawezi kuitoa, na iliyotolewa zamani hukoma pale mtoaji anapopoteza uwezo wa akili. Ikifika hapo, njia iliyobaki ni kuiomba mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, imteue msimamizi wa mali yake. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama, lakini ina uwajibikaji, kwani msimamizi hutoa hesabu. Kwa mzee ambaye bado ni timamu, hati ya uwakili itaje mambo mahususi, si "mali yangu yote."

Ada, hati na simu

Makubaliano ya ada yaandikwe na mteja ayatie sahihi, kama kifungu cha 45 cha Sheria ya Mawakili kinavyotaka. Mzee asiye na fedha atakuambia, "Tukishinda nitakukatia kipande." Kataa kwa upole: kifungu cha 46 kinabatilisha makubaliano ya kununua sehemu ya haki ya mteja katika kesi, na hata yale ya kulipwa pale tu mkishinda. Wala usiandae wosia unaokupa wewe chochote. Kwa asiyejiweza kabisa, Kituo cha Sheria kimekuwa kikitoa msaada tangu 1973, na ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Usibaki na hatimiliki au cheti cha hisa bila kumpa risiti inayotaja kila karatasi. Vyeti vya kampuni za kununua ardhi na kadi za kura za kugawiwa ploti vimekunjwa ndani ya Biblia kwa miaka arobaini. Vipigwe picha siku hiyo hiyo, na nakala halisi arudi nayo nyumbani ikiwezekana.

Mfumo wa Ardhisasa, ule wa huduma za ardhi mtandaoni uliozinduliwa 2021, umeleta hatari mpya. Mzee asiye na simu janja hufunguliwa akaunti na mjukuu au wakala, kwa namba ya simu isiyo yake, na kuanzia hapo aliye na simu hiyo ndiye mwenye funguo. Hakikisha namba iliyosajiliwa ni ya mteja, mfundishe kwamba msimbo unaotumwa kwa ujumbe haupewi mtu yeyote, hata karani wako, na usihifadhi nywila yake.

Ukishuku dhuluma

Dalili huwa za kawaida: mwenye wosia haruhusiwi kushika simu yake, pesa za Inua Jamii, ruzuku ya Serikali kwa wazee, anazipokea mtu mwingine, hajui kodi ya nyumba zake huenda wapi, au ameletwa kwa wakili wa tatu katika mwaka mmoja. Usikimbilie polisi bila yeye kutaka. Siri ni yake, na pengine anauogopa upweke kuliko wizi. Mwambie yanayowezekana: Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 huhesabu dhuluma ya kiuchumi kuwa ukatili, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi hata dhidi ya mtoto wake, msajili wa ardhi anaweza kuombwa aweke zuio kwenye rejesta ili kuzuia udanganyifu, benki inaweza kuandikiwa barua. Mpe muda wa kufikiri na miadi nyingine, na umwulize namna salama ya kumfikia.

Kesi ikifika mahakamani, usisubiri zamu ya kawaida. Kanuni za kesi za madai zinaruhusu ushahidi wa shahidi kuchukuliwa mapema kukiwa na sababu ya kutosha, na umri pamoja na ugonjwa ni sababu ambayo hakimu ataisikiliza ukiiomba kwa maandishi yenye barua ya daktari. Kusikilizwa kwa video humwepusha na safari, mradi asiketi katika chumba kimoja na mtu anayefaidika na ushahidi wake, na mradi mmefanya majaribio ya sauti siku moja kabla.

Baada ya yote, faili isifungwe kimyakimya. Mwenye wosia aambiwe nakala halisi iko wapi na nani ataitafuta akifariki, na aulizwe kila baada ya miaka michache kama kuna la kubadilisha. Habari ikitoka kwa msajili au mahakamani, mpigie yeye kwanza. Akipokea mwingine, mwombe simu apewe mzee. Wakikuambia amelala, uliza ataamka saa ngapi, upige tena.